Nakala Tano kwa Pigo Moja

Nikisikia mtu anaandika kwa kasi kwenye kompyuta chumba cha pili, masikio yangu bado hungoja kengele. Taipureta ilikuwa na kengele ndogo iliyolia herufi chache kabla ya mwisho wa mstari, nawe papo hapo uamue: neno hili litaenea, likatwe, au lihamie mstari unaofuata? Ukishaamua, mkono wa kushoto unasukuma kile kipini cha chuma na rola nzima inarudi ilikotoka kwa mshindo. Nimeipiga mashine hiyo miaka mingi kama karani, kabla kompyuta haijawekwa mezani kwangu, na naikumbuka kwa mapenzi makubwa. Lakini yapo mazoea niliyotoka nayo kule ambayo nayashika mpaka leo, na ningependa kila anayeandika jambo la maana ayajaribu.

Nilifundwa na kaboni, ile karatasi yenye wino upande mmoja inayohamishia maandishi kwenye karatasi iliyo chini yake. Barua ya kamati ilihitaji nakala tano: karatasi nzuri juu, kaboni, karatasi nyembamba, kaboni tena, hivyo hivyo mpaka chini. Unazigongesha mezani zilingane, unazitia kwenye rola, unaanza. Kaboni moja ikigeuka, unamaliza ukurasa mzima ndipo unagundua maandishi yamejipiga nyuma ya karatasi ya juu, kinyumenyume kama kwenye kioo. Na herufi moja iliyokosewa ni makosa matano. Unasogeza rola pembeni ili taka za kifutio zisiingie mashineni, unachomeka kipande cha karatasi nyuma ya ukurasa wa kwanza ili mkandamizo usichafue zilizo chini, unafuta polepole, unapuliza, unahamia wa pili, wa tatu, mpaka wa tano. Kisha unatoa vile vipande vyote (ukikisahau kimoja, nakala hiyo inabaki na pengo) na kutafuta ile sehemu barabara ili herufi mpya ikae pale pale.

Kaboni ni ya zamani kuliko taipureta yenyewe. Mwingereza Ralph Wedgwood aliipatia hataza mwaka 1806, wakati taipureta ya Christopher Latham Sholes ilianza kuuzwa na kampuni ya Remington huko Marekani miaka ya 1870. Zile herufi Cc unazoziona kwenye barua pepe (kwa Kiingereza "carbon copy", nakala ya kaboni) ni kaboni hiyo hiyo.

Kwa kazi ya namna hiyo, mtu hujifunza kuimaliza sentensi kichwani kabla vidole havijagusa kitufe. Hilo ndilo la kwanza ninalokuomba. Siku hizi kufuta ni bure, na barua nyingi zinazonifikia unaona kabisa mwandishi alikuwa bado anatafuta alichotaka kusema. Tulia kwanza. Isemee sentensi moyoni mpaka kwenye nukta, ndipo uiandike.

Nakala zikiwa nyingi, kaboni haikufaa, tukapiga stensili kwa ajili ya mashine ya kudurufu. Stensili ni karatasi yenye nta. Unazuia utepe wa wino wa taipureta usifanye kazi, herufi inapiga nta yenyewe na kuipasua, na wino utapita hapo. Ukipiga kwa nguvu mno, tumbo la "o" linatoka lote na ukurasa unajaa vidoa vyeusi. Na "a" hupigwa kwa kidole cha mwisho cha mkono wa kushoto, kidole dhaifu kuliko vyote, ilhali Kiswahili kimejaa "a" kila neno. Tulifanya mazoezi ya kidole kile kama mpiga ngoma anavyozoeza mkono wake mgumu.

Kosa lililonifunza kuliko yote lilikuwa kwenye stensili. Nilikuwa nanakili muhtasari wa mkutano, na katika rasimu mistari miwili iliishia na neno "wajumbe". Jicho langu lilitoka kwenye rasimu kutazama kazi, liliporudi likatua kwenye "wajumbe" wa pili. Mstari wa katikati, uliokuwa na "isipokuwa" iliyobeba uamuzi wote, ukapotea. Kilichobaki kilisomeka sawasawa, kwa hiyo hakuna aliyeshtuka. Tulidurufu nakala 200, tukazipanga, tukazibana, zikagawiwa. Aliyegundua ni mjumbe mmoja aliyekuwa amepinga jambo lile, na aliamini tumemfuta kwa makusudi. Bado naukumbuka uso wake.

Tangu siku hiyo mama aliyekuwa akinifundisha kazi hakuruhusu stensili yangu ipite bila kusomewa. Yeye anashika rasimu na kusoma kwa sauti, pamoja na alama zote: herufi kubwa, mkato, nukta, aya mpya. Mimi nafuata kwenye kazi nikiwa na rula chini ya mstari. Nakusihi ufanye hivyo kwa mkataba, wosia, au barua yoyote yenye majina na tarakimu. Programu ya kukagua tahajia huona neno lililokosewa. Mstari usiokuwepo haiuoni. Fotokopi, iliyotokana na kazi ya Chester Carlson mwaka 1938, ilituondolea hofu ya kuruka mstari, na nafikiri hapo ndipo tulipoacha kusoma tunachonakili.

Jambo la mwisho wengi hunikatalia. Zamani, kuhamisha aya moja kulimaanisha kupiga upya ukurasa mzima, pengine zote zinazofuata. Ilichosha, lakini kila mara kazi ilitoka fupi zaidi, maana vidole huichoka sentensi isiyo na kazi mapema kuliko macho. Rasimu ikikukwama, ichapishe, weka karatasi pembeni, fungua ukurasa mtupu, uiandike yote tena neno kwa neno. Usibandike chochote.

Juzi nilifanya hivyo kwa barua ya kurasa tatu niliyokuwa namwandikia ndugu yangu kuhusu jambo zito la nyumbani. Kulikuwa na sentensi niliyoipenda kuliko zote, niliyoipamba siku mbili. Nilipoifikia mara ya pili vidole vilisita. Nikairuka, safari hii kwa kujua, nikaendelea na aya iliyofuata.