Sabato ya mama, Ijumaa ya binti: je, Jumamosi imelaaniwa?

SWALI: Assalaam alaykum shekhe. Nilisilimu miaka minne iliyopita, nimeolewa na ninaishi Same mjini. Mama yangu ni Msabato, mjane, anaishi peke yake kijijini milimani. Kila Jumamosi wakitoka kanisani hupenda watoto wake wote tule naye chakula cha mchana. Kuna mtu msikitini amemwambia mume wangu kwamba Jumamosi ni siku iliyolaaniwa, na Mwislamu akienda kula kwa Msabato siku hiyo ameiadhimisha Sabato. Tangu Mfunguo Mosi, mwezi unaofuata Ramadhani, sijakwenda. Kaka yangu naye ananiambia Mungu ana siku moja tu, ya saba. Wakristo walibadilishiwa siku hiyo na Konstantino, mfalme wa Roma, na sisi tukabadilishiwa na Muhammad. Kama Mungu ni mmoja, kwa nini siku zitofautiane? Na nikienda kwa mama, je, napata dhambi?

JIBU: Wa alaykum salaam warahmatullahi wabarakatuh. Binti yangu, nenda kwa mama yako. Nimelitanguliza hilo kwa sababu kuanzia Mfunguo Mosi hadi leo ni muda mrefu kwa mjane kungoja, na maneno yaliyokuzuia hayana msingi.

Anayesema Jumamosi imelaaniwa hutegemea kisa cha watu wa mji wa pwani katika Sura Al-A'raf, aya ya 163 na zinazofuata. Samaki walikuwa wakiwajia siku ya Sabato wakionekana wazi juu ya maji, na siku nyingine hawaji. Wafasiri wanaeleza kwamba watu wale wakafanya hila: wanatega Ijumaa, wanakusanya Jumapili, kisha wanasema hatujavua siku ya Sabato. Sasa soma aya ya 165. Walioadhibiwa ni waliovunja amri, na waliookolewa ni wale waliokataza uovu huo. Lau siku yenyewe ingekuwa na laana, adhabu ingewashukia walioiheshimu. Mtu huyu amekipindua kisa chote, akaifanya heshima kuwa kosa, kisha akakitumia kumtenga mtoto na mzazi wake.

Na kama Jumamosi ni siku ya laana, atasemaje kuhusu hadithi ya Ibn Umar iliyomo katika vitabu vya hadithi vya Bukhari na Muslim, kwamba Mtume, rehema na amani zimshukie, alikuwa akienda Msikiti wa Quba kila Jumamosi, mara kwa miguu, mara amepanda mnyama? Quba ilikuwa nje ya mji wa Madina. Alitoka kwa makusudi, siku hiyohiyo, akaenda kuswali. Tena alimkuta mkewe Juwayriya amefunga siku ya Ijumaa, akamuuliza: ulifunga jana? Akasema hapana. Unakusudia kufunga kesho? Hapana. Akamwambia afungue. Maana yake ni kwamba angeunganisha na Jumamosi, saumu yake ingekuwa sawa. Siku iliyolaaniwa haiungwi na ibada.

Hoja kwamba ukienda umejifananisha na Wasabato nayo imewekwa pasipo mahali pake. Tunachokatazwa ni kuchukua jambo ambalo ni ibada yao mahususi tukalifanya letu: kuacha kazi zote tangu machweo ya Ijumaa hadi machweo ya Jumamosi kwa kuitakidi kuwa ni faradhi juu yetu, au kushiriki ibada ya kufungua na kufunga Sabato. Chakula cha mchana kwa mama si ibada ya mtu yeyote. Kingekuwa chakula hichohicho Jumanne, nani angeuliza?

Nije kwa kaka yako. Swali lake ni la heshima na linastahili jibu la heshima. Akikutajia Mwanzo 2:3, mwambie kweli, hapo siku ya saba inabarikiwa, lakini amri kwa wanadamu haimo katika aya hiyo. Watu wanaanza kuagizwa kuishika katika Kutoka 16, kwenye habari ya mana, baada ya Wana wa Israeli kutoka Misri. Kutoka 31 inaiita ishara kati ya Mungu na Wana wa Israeli, na Kumbukumbu la Torati 5:15 inaifunga na utumwa wa Misri. Kitabu cha Mwanzo hakitaji popote Sabato ya Ibrahimu, baba yetu sote. Qur'ani inasema hivyohivyo katika An-Nahl 124: Sabato iliwekwa juu ya wale waliohitilafiana kwayo. Ni agano na taifa maalumu, na Al-Maida 48 inasema kila umma umewekewa sharia na njia yake. Mungu ni mmoja na dini ya manabii ni moja katika kumpwekesha Yeye, sharia hutofautiana.

Wala siku hizi tatu hazifanyi kazi moja. Sabato ni siku ya kuacha kazi. Jumapili ya Wakristo ni kumbukumbu ya ufufuko kwa itikadi yao, na sisi hatuikubali itikadi hiyo. Ijumaa ni siku ya kukusanyika. Al-Jumua aya ya 9 inaamuru biashara iachwe inapoadhiniwa, na aya ya 10 inasema swala ikiisha tawanyikeni mtafute fadhila za Mwenyezi Mungu. Duka hufunguliwa tena mchana uleule. Anayeiita Ijumaa "Sabato ya Waislamu" hajazisoma aya hizo mbili pamoja. Katika hadithi ya Abu Hurayra, Mtume alisema waliotutangulia walifaradhishiwa siku wakahitilafiana, sisi tukaongozwa kwenye Ijumaa; Mayahudi kesho, Wakristo kesho kutwa. Kwetu basi ni uongofu, wala Mtume hakujichagulia mwenyewe.

Kuhusu Konstantino, nawasihi hata ndugu zetu wa mihadhara waliache neno hili, maana hulirudia sana kwa kuwa linapendeza masikioni. Sheria yake ya mwaka 321 iliamuru mahakimu na watu wa mijini wapumzike Jumapili, ikawaruhusu wakulima waendelee na mashamba. Lakini Wakristo walikuwa wakikusanyika siku hiyo kabla yake. Justin, mwandishi Mkristo aliyeishi Roma, aliandika habari za mkutano wao wa Jumapili yapata mwaka 150, miaka mia na sabini hivi kabla ya sheria ile. Tunaamrishwa uadilifu hata kwa tunaotofautiana nao.

Sasa mambo ya kwenda. Ukipanda mlimani Ijumaa, utakuta Maghrib yako na ibada yao ya kufungua Sabato zimeangukia wakati mmoja: jua likizama, wewe ingia chumbani uswali rakaa zako tatu, wao waendelee na nyimbo zao. Iliyo nyepesi zaidi ni kufika Jumamosi wakishatoka kanisani. Swali Adhuhuri hapohapo nyumbani. Kibla kwenu ni kaskazini, mashariki kidogo. Chakula Msabato hupika Ijumaa, siku ya maandalio, na nyama ya nguruwe na pombe havimo kabisa nyumbani mwake. Makande ya mahindi na maharage yasiyo na nyama hayana swali lolote. Kwenye nyama, Al-Maida 5 imehalalisha chakula cha Watu wa Kitabu. Ikiwa mumeo ana wasiwasi na uchinjaji, nunua wewe nyama mjini umpelekee mama Alhamisi aipike kesho yake. Usimwombe akuwashie moto Jumamosi. Vyombo vikiachwa hadi Sabato ifungwe, osha wewe, kama haoni vibaya. Wewe hufungwi na hukumu hiyo.

Na wewe mume, sikia. Asma binti Abubakar alijiwa na mama yake ambaye alikuwa mshirikina, si Msabato mwenye kitabu, akamuuliza Mtume kama amuunge. Akajibiwa: ndiyo, muunge mama yako. Luqman 15 inaamuru wema kwa wazazi hata wakikushinikiza kwenye shirki, na huyu mkweo anashinikiza nini zaidi ya sahani ya makande? Mwende pamoja Jumamosi hii. Mkitaka kumwachia fedha za matumizi, msimpe siku hiyo, kwa kuwa hesabu za fedha humsumbua moyo siku ya Sabato. Mtumieni Alhamisi, au ngojeni Jumapili.