Mita 500 zinatosha kati ya mitambo ya upepo na njia ya meli?

Swali: Tunapanga kujenga mitambo ya upepo baharini. Safu ya kwanza tumeiweka mita 500 kutoka ukingo wa njia kuu ya meli, kwa kuwa ndiyo kanda ya usalama inayotajwa na sheria. Mshauri anataka tusogee zaidi. Nani yuko sahihi?

Jibu: Mshauri. Mita 500 za kifungu cha 60 cha Mkataba wa Sheria ya Bahari wa 1982 ni kanda ambayo nchi inaweza kuitenga kuuzunguka mtambo ili vyombo visiukaribie. Hazisemi lolote kuhusu nafasi anayohitaji nahodha kugeuza meli. Kifungu hichohicho kinakataza ujenzi unaozuia njia muhimu za usafiri wa kimataifa, ila aya hiyo watu huiruka.

Pigeni hesabu kwa meli kubwa kuliko zote zipitazo hapo. Waholanzi huifanya hivi: meli inayokwepa nyingine kwa kupinda kulia huenda ikalazimika kuzunguka duara zima. Duara hutengewa urefu wa meli mara 6, huongezwa maili 0.3 za baharini za meli kuacha mstari wake wa safari, na mwisho ndipo zije mita 500 zenu. Meli ya mita 400 inawafikisha karibu kilomita 3.5, tena hapo injini na usukani vinafanya kazi.

Vikigoma je? Januari 2022 meli ya mizigo Julietta D ilikokota nanga katika dhoruba karibu na bandari ya IJmuiden, Uholanzi, ikagongana na meli ya mafuta, mabaharia wakaokolewa, nayo ikachukuliwa na upepo hadi kugonga msingi ndani ya Hollandse Kust Zuid, shamba la mitambo ya upepo lililokuwa likijengwa. Meli inayosukumwa kwa noti 2 (maili 2 za baharini kwa saa) humaliza maili moja kwa nusu saa. Tagi (meli ya kuvuta meli nyingine) ya karibu yenu hufika baada ya muda gani?

Takwimu za AIS, kifaa kinachotangaza kwa redio jina na mahali meli ilipo, pekee zisiwalaghai. Katika safari za kimataifa, meli za mizigo hulazimika kuwa na kifaa hicho kuanzia tani 300 za ujazo, kwa hiyo boti nyingi za wavuvi hazitaonekana humo. Hesabuni vyombo pia kwa rada na kwa macho, misimu tofauti.

Mkilazimika kupunguza mitambo, anzeni na ile ya pembeni iliyochomoza kuelekea mahali meli zinapokata kona.