Kwa nini watu baki walijua kabla yako

Mwanangu,

Jumapili, ukiwa mlangoni unavaa viatu, uliniuliza swali moja kisha ukaondoka kabla sijapata la kusema. Ulisema: "Baba, mbona watu baki wanajua unaumwa nini, na mimi niliyekulia nyumbani kwako sijui?" Mwenzako kazini alikuwa amekusimulia kwamba baba yako ndiye aliyekwenda na mama yake kwa mwajiri kumtetea, na kwamba huko alisema waziwazi, mbele ya watu watatu asiowajua, kuwa yeye mwenyewe ana ugonjwa wa Crohn, na kwamba ugonjwa huo ukiamka humpeleka chooni mara kumi kwa siku, usiku ukiwemo. Na majuma mawili kabla ya hapo daktari wako, kwa ajili ya tumbo hilo linalokusumbua, alikuuliza kama katika ukoo wenu kuna mwenye maradhi ya utumbo. Ukamjibu hakuna.

Wahenga walisema mficha maradhi kifo humuumbua. Mimi nimeumbuliwa na swali la daktari kwa mwanangu.

Kwa hiyo kabla sijajieleza, fanya hili: rudi kwa daktari huyo wiki hii, umwambie jibu limebadilika. Ndani ya bahasha nimeweka nakala ya ripoti yangu ya kolonoskopi, kile kipimo cha kupitisha kamera utumboni, pamoja na ile ya maabara ya vinyama walivyovikata kwenye utumbo wangu na kuvipima. Mpe zote mbili. Haya mengine unaweza kuyasoma polepole.

Ugonjwa wenyewe uko hivi. Kinga ya mwili, ambayo kazi yake ni kupigana na vijidudu, hugeuka kuushambulia utumbo na haijui kuacha. Kuta za utumbo huvimba, hupata vidonda, na vidonda vikipona huacha makovu yanayobana njia. Una sura mbili kubwa. Ukikaa kwenye utumbo mpana peke yake, juu juu kwenye utando wa ndani, huitwa kolaitisi ya vidonda. Huu wangu, Crohn, unaweza kupiga popote kuanzia kinywani hadi kwenye njia ya haja kubwa. Hushika hapa, huruka pale, na huchimba ukuta mzima wa utumbo, wakati mwingine hata kuutoboa. Hauambukizi. Hauna dawa ya kuumaliza. Zipo dawa za kuulaza, na ukilala mtu huishi kama wenzake kwa miezi au miaka.

Jina limetokana na Burrill Crohn, daktari wa New York, ambaye mwaka 1932 aliandika pamoja na Leon Ginzburg na Gordon Oppenheimer juu ya wagonjwa 14 waliokuwa na uvimbe mwishoni mwa utumbo mwembamba. Crohn alitangulia kwa sababu tu majina yao yalipangwa kwa alfabeti. Ninalolishika zaidi katika habari hiyo ni kwamba wagonjwa wengi wa aina hii hapo kabla walidhaniwa kuwa na kifua kikuu cha utumbo.

Nalishika kwa kuwa nami nilitibiwa kifua kikuu cha utumbo, miezi sita. Kabla yake nilitibiwa amiba, kabla ya amiba minyoo, na vidonda vya tumbo mara mbili. Simlaumu daktari aliyeniandikia dawa za TB. Magonjwa haya mawili hupenda mahali pamoja, pale utumbo mwembamba unapoungana na mpana, na hata chini ya hadubini hufanana. Tena ukimpa mwenye TB dawa za kushusha kinga kwa kudhani ana Crohn, unaweza kumuua. Alianza na lile ambalo kulikosa kungeua haraka zaidi. Wa kulaumiwa ni mimi. Kando ya njia ya haja nilikuwa na kitundu kinachotoa usaha, fistula, kwa karibu mwaka mzima. Hiyo ni alama ambayo ingemfanya aufikirie Crohn siku ileile. Sikuitaja. Daktari alikuwa binti wa umri ulio nao wewe sasa, nami nikaona ni afadhali niumie kuliko kumfunulia. Aliponiuliza kama naona damu kwenye choo, nikasema hapana. Ilikuwepo.

Najua baba hamwambii bintiye habari za namna hii. Sentensi hizo nimeziandika na kuzifuta mara nne. Nimeziacha kwa sababu "hakuna" uliyomjibu daktari wako ni ndugu wa "hapana" yangu, na ni mimi niliyekurithisha.

Ulikua ukidhani baba hapendi safari. Nikiwa na safari nilikuwa nakaa bila kula tangu jana yake, na popote tulipofika nilitafuta kwanza choo kilipo, salamu baadaye. Siku ya mahafali yako nilisimama nyuma kabisa, karibu na mlango. Uliponiuliza kwa nini sikukaa mbele na wazazi wengine, nilikujibu kwa ukali kwamba sipendi kelele. Nilikuwa radhi mnione mkali kuliko mnione mgonjwa.

Na ule mwaka ulipokuwa na miaka 15, uso wangu ukavimba ukawa duara, usingizi ukanihama, nikawa nafoka kwa kila jambo. Ile ilikuwa prednisoloni, dawa ya steroidi. Huuzima moto wa utumbo upesi, na ndiyo iliyoniinua kitandani, lakini ikikaa mwilini muda mrefu huvimbisha uso, hudhoofisha mifupa na huvuruga hisia za mtu. Ni dawa ya kuvukia, kisha huteremshwa kidogo kidogo na kuachwa. Mimi niliitumia karibu mwaka, kwa sababu nilipopata nafuu niliacha kwenda kliniki nikawa najinunulia mwenyewe. Usiku ule niliokutupia daftari naukumbuka. Dawa ilichangia, lakini mkono ulikuwa wangu. Nisamehe, mwanangu. Mama yako alijua kila kitu, na nilimwapisha. Usimdai yeye.

Aliyenifungua mdomo ni mama mmoja niliyemkuta kwenye chumba cha dripu. Huko ndiko ninakopewa infliksimabu, dawa inayozuia kitu kimoja mwilini kinachochochea uvimbe, kiitwacho TNF. Marekani iliiruhusu kwa Crohn mwaka 1998. Kabla ya kuanza hupimwa TB iliyolala na homa ya ini B, maana dawa hii inaweza kuziamsha zote mbili. Unaipata siku ya kwanza, wiki ya pili, wiki ya sita, kisha kila baada ya wiki nane. Tulikuwa watu sita chumbani, kila mmoja akitazama ukuta. Mama yule alikuwa amekatwa sehemu ya utumbo na choo chake kinatokea tumboni, kwenye mfuko. Akamwambia muuguzi kwa sauti ya kawaida kabisa: "Mfuko wangu umejaa, nisaidie nitoke." Niliona aibu kwa niaba yake. Aliporudi, kijana aliyekuwa ameinamisha kichwa muda wote akamwuliza polepole: unaoga nao? Akamjibu. Unalalaje? Akamjibu. Ukifunguka mbele za watu je? Akamwambia umewahi kufunguka, ilikuwa wapi, na alifanya nini dakika ileile. Kijana alikuwa ameandikiwa upasuaji kama huo na ameukataa mara mbili. Nilisikia baadaye kwamba aliukubali.

Mimi wakati huo nilikuwa na miaka 11 ya ugonjwa. Maswali ya aina ile nilikuwa nayo mengi, na sikuwahi kumwuliza mtu hata moja.

Mama yule ndiye aliyenianzisha katika kazi hii ya kuwasemea wagonjwa wenzetu. Tuko wachache, hatuna ofisi, na kazi yetu kubwa ni kusindikizana. Mtu anaambiwa kazini ni mvivu kwa kuwa anatokatoka. Tunakwenda naye na barua ya daktari, tunaomba kiti karibu na choo na ruhusa ya kutoka bila kuomba. Utashangaa ni mara ngapi mwajiri hana ubaya wowote, ila hakuna aliyewahi kumweleza. Tunakwenda pia kwa wanaoshughulikia dawa. Pamoja na mama yule nilikaa mbele ya ofisa mmoja aliyedhani dripu ikichelewa ni kama mtu kukosa vitamini wiki moja. Tulimweleza kwamba mwili ukikaa muda mrefu bila infliksimabu unaweza kutengeneza kingamwili dhidi yake, na mgonjwa akirudi, dawa inaweza isishike tena, au ikamletea mzio. Dawa aliyoikosa kwa miezi michache anaweza asiirudie maisha yake yote. Aliandika kila neno. Bado tunahangaika na bima zinazotaka mgonjwa ashindwe kwanza na dawa ya bei nafuu ndipo zilipie ile aliyoandikiwa. Neno hilo "ashindwe" linaniuma sana. Anayeshindwa kwenye karatasi, mwilini mwake ni utumbo unaokatwa.

Nikichoka humkumbuka Ally Bain, msichana wa Marekani mwenye Crohn. Akiwa na miaka 14 alizidiwa dukani, akanyimwa choo cha wafanyakazi. Yeye na mama yake hawakunyamaza, na mwaka 2005 jimbo la Illinois likapitisha sheria kwamba duka lenye choo cha wafanyakazi limruhusu mgonjwa wa namna hiyo kukitumia. Majimbo mengine kadhaa yakafuata. Mtoto wa miaka 14 alikubali kusema hadharani kitu nilichoshindwa mimi, mtu mzima, kumwambia daktari ndani ya chumba kilichofungwa. Kila tarehe 19 Mei, siku ya wagonjwa wa maradhi haya duniani, watu huvaa utepe wa zambarau. Nami huuvaa, lakini aliyeitwa kwa mwajiri kesho saa mbili anahitaji mtu wa kukaa naye zaidi ya utepe.

Sasa swali lako. Watu baki niliwaambia kwa sababu hawakuwa na sura yangu yoyote ya kuharibika. Kwako nilikuwa baba. Hilo nadhani ulishalikisia. Kuna jingine gumu zaidi, nimeligundua baada ya wewe kuondoka. Kila niliposimama kumsemea mtu, nilijisikia nimekwisha kusema. Nilijihesabia kuwa si mtu wa kuficha tena. Nikajipa ruhusa ya kutokukuambia. Ujasiri wote ule mbele ya watu watatu ulinisaidia kumkwepa mtu mmoja.

Hukuniuliza kama nawe utaugua, ila najua unaliwaza. Uwezekano wako ni mkubwa kuliko wa mtu asiye na mzazi mgonjwa. Hata hivyo, wengi wa watoto wetu hawaupati kamwe. Mwaka 2001 wataalamu walitambua jeni iitwayo NOD2 inayohusika, na hata hivyo watu wengi walio na badiliko kwenye jeni hiyo huishi bila ugonjwa huu. Tumbo lako linaweza kuwa na sababu nyingine kabisa. Lakini mwambie daktari haya bila kungoja aulize: kama umeona damu, kama uzito umepungua, kama unapata homa, kama maumivu au choo hukuamsha usingizini, kwani tumbo linalovurugwa na wasiwasi tu kwa kawaida humwacha mtu alale. Mwambie habari za vidonda vya mdomoni vinavyorudirudi, viungo vinavyouma, macho mekundu yenye maumivu. Na chochote kilichoko huko nyuma, kitaje kwa jina lake. Mwulize kuhusu kipimo cha kalprotektini. Ni cha choo tu, hakiumi, na huonyesha kama kuna uvimbe utumboni kabla ya kufikia kamera. Ibuprofeni na diklofenaki usizimeze kwa maumivu hayo mpaka akuruhusu, zinaweza kuuchokoza utumbo. Sigara huuzidisha Crohn. Najua huvuti, nimeiandika kwa kuwa ni baba.

Na atakapokuja mtu kukuambia uache vyote unywe kitu chake kinachoponya kabisa, nipigie kabla hujampa hata dakika. Nimewazika wawili walioacha dawa kwa maneno hayo.

Ukihitaji mtu wa kuingia naye kwa daktari, nitakuja. Ukitaka nibaki nje kwenye benchi, nitabaki nje.

Alhamisi hii nina dripu, saa tatu asubuhi, huchukua saa mbili na zaidi. Alhamisi kama hizo zote nilikuwa nakuambia nina mkutano. Njoo ukae nami. Yule mama atakuwepo, nimeshamwambia jina lako.

Baba yako