Kama unakaa na mtoto wa ndugu yako, tafuta karatasi kabla hajaugua

Dada yangu yuko Oman anafanya kazi za ndani, na kijana wake wa miaka 15 nakaa naye mimi hapa Busia, upande wetu wa Uganda. Ada nalipa mimi, akikosea shuleni naitwa mimi, basi nikajiona mzazi kamili, kumbe hospitalini ni hadithi nyingine.

Siku hiyo alianza kulalamika tumbo hapa kwenye kitovu, nikadhani ni mihogo ya jana nikampa chai ya tangawizi (kosa langu hilo, nakubali). Usiku maumivu yakashuka kulia chini, kajikunja hataki hata kuguswa. Tukapanda boda mpaka helthi senta three, yaani kituo kidogo cha afya, musawo (mhudumu wa afya) akabonyeza tumbo akaachia ghafla, mtoto akapiga ukelele, akaandika kwenye daftari kwamba ni apendiksi (kidole tumbo) na pale hawana thieta, chumba cha upasuaji, twende hospitali kubwa. Tumefika saa nane usiku, nesi akanipa fomu ya upasuaji, nimeshashika kalamu ndo ananiuliza, wewe ndiye mama yake? Nikasema mama mdogo. Akaichukua ile fomu polepole akairudisha mezani.

Tukakaa karibu masaa mawili. Simu ya dada imezimwa, bosi wake huwa anaichukua usiku, na baba mtu sitaki hata kumwongelea hapa. Alipokuja daktari akauliza mtoto anaishi na nani, nikasema na mimi, akasema sasa mnangoja nini, saini. Baadaye ndo nikajua Sheria ya Watoto yetu inampa wajibu wa matibabu mzazi, mlezi au mtu yeyote anayekaa na mtoto. Yule nesi hakuwa mbaya, aliogopa tu kesi.

Kwa hiyo ushauri wangu, mwambie mzazi aandike barua sasa hivi, jina la mtoto, jina lako, kwamba unaweza kukubali matibabu kwa niaba yake, aweke saini atume picha kwa WhatsApp, uiprinti uipeleke kwa mwenyekiti wa LC1 (baraza la kijiji) apige muhuri. Ambatisha kopi ya kitambulisho cha mzazi, chako, na cheti cha kuzaliwa cha mtoto. Haikufanyi mlezi wa kisheria, huo ulezi unaombwa Mahakama Kuu, lakini saa nane usiku hiyo karatasi inaongea. Yangu iko kwenye kaveera (mfuko wa plastiki) nyuma ya mlango.

Halafu kuna jirani alinipigia kusema tungeanza na maombi kwanza, kisu baadaye. Namheshimu, ila Katiba ya 1995 kifungu cha 34 inakataza mtoto kunyimwa matibabu kwa sababu ya dini au imani ya mtu, na mtoto ni yeyote chini ya miaka 18, hata awe na ndevu. Maombi tuliyafanya nje ya thieta.

Kitu kingine sikukitegemea, ni kwamba kijana mwenyewe ana sauti. Daktari aliinama akamuuliza unajua tunataka kukufanya nini, akaeleza mpaka kovu litakuwa wapi, na mtoto badala ya kulia akauliza atarudi lini uwanjani. Mimi masaa yote yale nilikuwa naongea juu ya kichwa chake, sikumwambia hata neno moja la maana. Usifanye hivyo, anaogopa kuliko wewe.

Kabla ya kuruhusiwa wakaja na kipimo cha ukimwi, nikajibu haraka, pimeni tu. Yule dada wa maabara akasema samahani mama, namuuliza yeye, kwa sababu hapa Uganda kuanzia miaka 12 mtoto anaweza kukubali mwenyewe hicho kipimo. Niliona kama nimedharauliwa, nikatoka nje nikanunua chapati kwa hasira. Alikubali, akapewa majibu yake, akatoka anatabasamu akaniomba kipande cha chapati, na mimi sikuuliza kitu.