Maswali ya Wasomaji: Viumbe wa Bahari Ukutani

SWALI: Mheshimiwa Mhariri, shule yetu imepewa ukuta mrefu unaotazama barabara, na wanafunzi wamependekeza tuchore viumbe wa baharini ili kuwahimiza wapita njia waitunze bahari. Baadhi ya walimu wenzangu wanasema hayo ni mapambo tu. Je, kazi hii ina faida ya kweli? — Mwalimu wa sanaa

JIBU: Mwalimu, wenzako hawajakosea kabisa. Picha ya pomboo anayetabasamu katikati ya maji ya buluu haimpi mtazamaji jambo lolote jipya, na isitoshe pomboo hatabasamu, bali taya lake ndivyo lilivyoumbwa. Mchoro hupata nguvu unapomwonyesha mtu kile asichoweza kukiona kwa macho yake. Mchoraji Wyland wa Marekani alilielewa hilo alipomchora nyangumi wa kijivu na mtoto wake huko Laguna Beach mwaka 1981, kwa ukubwa wao halisi, akaendelea na kuta nyingine hadi akamaliza ya 100 mjini Beijing mwaka 2008. Mtu ambaye nyangumi kwake ni neno la kitabuni tu, akisimama chini ya ukuta wa namna hiyo hulazimika kuinua shingo, na papo hapo hupata kipimo cha kile kinachowindwa.

Mradi wa michoro ya ukutani uitwao Sea Walls, unaoendeshwa na taasisi ya kutunza bahari ya PangeaSeed tangu mwaka 2014, umeongeza jambo ambalo kwangu ndilo la msingi: mchoro huanza na tatizo la bahari ya mahali husika, ndipo kiumbe akachaguliwa. Nanyi fanyeni hivyo. Badala ya kuujaza ukuta kila aina ya samaki, chagueni tatizo moja. Mfano mmoja ni huu: kasa hula yavuyavu, na mfuko wa plastiki unaoelea hufanana naye mno. Wachoreni yavuyavu na mfuko bega kwa bega, kwa ukubwa uleule na wepesi uleule wa kupitisha mwanga, kiasi kwamba mtazamaji asimame kidogo kabla ya kuwatofautisha. Akisita yeye mwenye akili timamu, ataelewa kwa nini kasa hukosea, na chini yake andikeni kwa maneno machache kile anachoweza kufanya.

Kisha kuweni wakali katika usahihi. Mkia wa papa husimama wima na kupunga kushoto na kulia, ilhali wa nyangumi, pomboo na nguva hulala bapa na kupiga juu na chini. Kasa wa baharini hawezi kuingiza kichwa ndani ya gamba. Matumbawe meupe pee, ambayo watoto hupenda kuyachora, mara nyingi ni matumbawe yaliyopauka kwa sababu joto limeyafanya yapoteze mwani unaoishi ndani yake na kuyalisha. Mvuvi akiona papa mwenye mkia wa nyangumi hataamini neno lolote mtakaloandika hapo.

SWALI: Mchoro wetu wa samaki ulianza kubabuka mapema, na ukuta unatoa unga mweupe. Tupake tena juu yake?

JIBU: Hapana. Unga huo ni chumvi: maji hupenya ndani ya ukuta, yakikauka huiacha chini ya rangi, nayo huisukuma rangi hadi ikabanduka. Zibeni kwanza mahali maji yanapoingilia, acheni ukuta ukauke, kisha uswakini kwa brashi kavu, kwa maana mkiuosha mtairudisha chumvi ndani. Baadaye tumieni rangi inayouruhusu ukuta kupumua, kama zile za silikati, yaani rangi za madini. Tandikeni turubai kabla ya kukwangua, kwa sababu rangi ya akriliki yenyewe ni plastiki, na vigaga vyake vikisombwa na mvua huishia kulekule mnakotaka kukulinda. Brashi nazo zisisuuzwe kwenye mfereji wa maji ya mvua, ambao aghalabu humwaga moja kwa moja mtoni au baharini bila kusafishwa.

SWALI: Nimesikia kuna sanamu zinazozamishwa baharini kwa makusudi. Je, hiyo si kutupa takataka kwa jina la sanaa?

JIBU: Inategemea kilichozamishwa. Mchongaji Jason deCaires Taylor aliweka sanamu zake kwenye maji ya Grenada mwaka 2006, na baadaye mamia nyingine karibu na Cancún nchini Meksiko, akitumia saruji maalumu isiyodhuru viumbe, yenye uso uliokwaruzwa ili matumbawe yapate pa kushika. Faida nyingine ni kwamba wazamiaji huvutwa huko na kuyapunguzia matumbawe ya asili usumbufu. Lakini mwanzoni mwa miaka ya 1970, nje ya pwani ya Fort Lauderdale huko Florida, yalizamishwa matairi yanayokadiriwa kufikia milioni 2 kwa matumaini kwamba yangekuwa mwamba wa samaki. Kamba na vifungo vilikatika, matairi yakaanza kubingirika na mawimbi na kuyaponda matumbawe hai yaliyokuwa jirani, na kazi ya kuyaopoa imechukua miaka mingi.