"Wanajijua": nilivyokisoma kikundi cha mchango cha kina mama hapa Mombasa

Salaam dada,

Umeeleza kwamba msimamizi wako wa uzamili anataka ujenge nadharia kutoka kwenye data yenyewe, kwa njia ya Glaser na Strauss, wanasosholojia wawili wa Marekani, kuhusu kina mama wanaochangiana kwenye WhatsApp. Umekwama kwa mambo matatu: usome nadharia gani kabla ya kuanza, uhoji watu wangapi, na utumie programu gani. Nimeipita njia hiyo hiyo hapa Mombasa, na kikundi kinachokaribiana sana na chako, kwa hiyo nitakueleza yale yaliyonipata. Swali lako la kwanza nitalijibu baadaye kidogo, maana jibu lake halitaeleweka kabla sijakusimulia kisa cha tiki.

Kikundi changu kilikuwa cha kina mama arubaini na kitu, wengi wakiwa wa Majengo na Mji wa Kale, na wachache waliohamia Kisauni na Bamburi baada ya kuolewa. Wanachangiana harusi, matanga, hospitali na karo. Utaratibu bila shaka unaujua. Mweka hazina anatuma orodha yenye nambari. Kila anayelipa kwa M-Pesa anainakili, anaongeza jina lake na kiasi, anaweka tiki ya kijani, anairudisha kikundini. Hadi kufika usiku orodha ile ile imetumwa mara thelathini, kila mara imerefuka mstari mmoja.

Mimi niliingia na neno langu tayari: uaminifu. Nilikuwa nimesoma makala mengi juu ya uaminifu mitandaoni, nikaandaa hojaji ya maswali ishirini, nikakusudia kuhesabu nani kalipa, kalipa baada ya siku ngapi, na nani hajalipa. Tiki ndiyo ingekuwa kipimo changu.

Asubuhi moja nikaenda kwa mweka hazina, nyumbani kwake. Nilimkuta anakanda unga wa mahamri kwa tui na iliki, mikono imejaa unga. Simu ikalia kando ya sinia. Akaniambia, "Hebu nisomee, mwanangu." Nikamsomea. Ujumbe ulikuwa wa mwanachama mmoja, umetumwa kwake yeye peke yake, na ulikuwa mfupi: "Mama, mwezi huu sina. Nisitiri."

Hakusema kitu. Alinawa, akajifuta mikono kwa leso, akaichukua simu. Akaifungua orodha ya kikundi, akaongeza jina la yule mwenzake, akaandika mia tano, akaweka tiki ya kijani, akaituma. Halafu akatoa mia tano kwenye simu yake mwenyewe na kuipeleka kwenye laini ya kikundi. Nikamuuliza kama atalipwa. Akasema, "Akipata atanipa. Hata mimi nimewahi kusitiriwa." Akarudi kwenye unga wake, na huku anakanda akaniambia maneno ambayo baadaye yaliubeba utafiti wote: "Kikundini tunasitiriana, pembeni ndiko tunakoambiana."

(Kisa hiki nimeruhusiwa kukisimulia, na nimebadilisha mambo kadhaa ili wahusika wasitambulike.)

Niliporudi nyumbani niliitazama ile orodha kwa macho mengine. Tiki nilizokuwa nikizihesabu kama malipo hazikuwa na maana hiyo. Tiki ilimaanisha kwamba jina la mtu halitabaki wazi mbele za watu. Ni ngapi zililipwa na mwenye jina na ngapi zililipwa na mwenzake, kwenye skrini haionekani. Hojaji yangu ingenipa jedwali safi kabisa la jambo ambalo halikutokea. Usiku huo niliiweka kando, na sikuirudia tena.

Hapo ndipo nilipoelewa kwa nini njia hii ilizaliwa. Barney Glaser alikuwa amefunzwa takwimu na nadharia Chuo Kikuu cha Columbia, na Anselm Strauss alitoka kile cha Chicago, kwenye mila ya kukaa na watu na kutazama jinsi wanavyopeana maana. Walikutana California, wakatafiti namna watu wanavyokufa katika hospitali za eneo la San Francisco: muuguzi anajua nini, mgonjwa anajua nini, nani anamficha nani. Kitabu cha utafiti huo kilitoka 1965, na 1967 wakatoa The Discovery of Grounded Theory wakieleza njia waliyoipita. Dai lao lilikuwa zito kwa wakati ule: mtafiti asiende uwanjani kuthibitisha nadharia za wakubwa tu, anaweza kuijenga nadharia kutoka chini, kwa kukusanya, kusimba (yaani kukipa kila kipande cha maneno ya watu jina fupi, msimbo) na kulinganisha kwa wakati mmoja, tangu mahojiano ya kwanza. Hilo la wakati mmoja ndilo wanafunzi wengi wanalolikosea. Wanakusanya miezi sita, halafu wanakaa kusimba. Ukifanya hivyo, mahojiano yako ya kumi yatauliza yale yale ya mahojiano ya kwanza, na data haitapata nafasi ya kukuelekeza.

Sasa nikuonyeshe nilivyosimba. Huu ni ujumbe wa kawaida wa mweka hazina, huja baada ya Isha:

"Asalaam aleikum mamangu. Tukumbushane kwa wema, kesho ndiyo siku. Ambao bado wanajijua. Mola atufanyie wepesi."

Mstari kwa mstari niliandika pembeni kwa penseli: kutanguliza salamu, kukumbusha bila kutaja, kujihesabu miongoni mwa wanaodaiwa, kumwachia mtu ajipime, kufunga kwa dua. Waandishi wa njia hii wanasisitiza msimbo uwe tendo, uonyeshe watu wanafanya nini, kuliko kuwa jina la mada kama "deni" au "fedha". Sisi Waswahili hapo tumebarikiwa. Ku- yetu inafanya kazi hiyo bila jasho. Na tazama neno "tukumbushane". Mweka hazina hadaiwi chochote, lakini hasemi "nawakumbusha". Ameingia mwenyewe ndani ya tendo, na ile -ana ya mwisho imewafanya wote wawe wakumbushaji na wakumbushwaji. Deni limebaki, mdaiwa ametoweka kwenye sentensi. Na "wanajijua" inampiga mmoja tu, aliye peke yake na simu yake, bila jirani kujua. Memo, yaani maandishi ya mtafiti ya kujifikirisha juu ya msimbo, niliyoiandika juu ya neno hilo moja ilijaza kurasa nne.

Mwanzoni nilikuwa nasimba kwa Kiingereza, kwa sababu tasnifu ilitakiwa iandikwe kwa Kiingereza. "Sitiri" nikaigeuza neno lenye maana ya kuficha, na kwa wiki tatu nilitangatanga. Kuficha ni kwa mwizi na kwa mwongo. Kusitiri ni kwa mtu unayemheshimu. Tunasema nguo ya sitara, tunasema Mungu atusitiri, tunasema fulani kastirika, yaani ana pa kuishi na cha kula na heshima yake ipo. Nilipolitoa neno hilo kwenye Kiswahili, nguo na nyumba na heshima vyote vilidondoka njiani. Kwa hiyo nakuomba sana: simba kwa lugha waliyoisema. Tafsiri ifanye mwisho, kwa mifano utakayoingiza kwenye sura za tasnifu. Maneno yao yenyewe, kama "wanajijua" na "pembeni", yaache yawe misimbo kama yalivyo.

Baada ya hapo ni kulinganisha. Nililinganisha tukio na tukio ndani ya kikundi kile kile: kwa harusi, jina likibaki wazi siku mbili hakuna anayejali sana. Kwa matanga hakuna jina linalobaki wazi hadi asubuhi. Kisha dhana ikaniambia niende nje. Huku kuchagua pa kwenda kwa kufuata dhana inayochipuka ndio moyo wa njia yenyewe, na ndiko kunakoitofautisha na kuhoji watu ishirini uliowapanga kabla.

Nilikwenda kwanza kwenye kundi la kuuza na kununua la Facebook, watu wasiojuana. Huko hakuna sitara. Aliyetumiwa pesa na asilete mzigo anaanikwa: picha, nambari ya simu, yote. Nikadhani nimeshapata: wanaokutana ana kwa ana wanasitiriana, wasiokutana wanaanikana. Dhana nzuri, fupi, na haikuwa sahihi. Nilipokwenda kwenye kikundi cha madereva wa tuktuk, wanaokaa steji moja kutwa nzima, nilikuta wanatajana majina mchana kweupe, tena kwa utani: fulani toa mia yako, usijifanye umelala. Hakuna aliyekasirika.

Mfano huo ulinisumbua mwezi mzima. Nilirudi kwa kina mama na swali jipya: nini hasa kinaumiza jina likibaki wazi? Mmoja akanijibu kwa mshangao, kama naye ndiyo anajisikia mara ya kwanza, "Watajua nyumbani hakuko sawa." Ndipo likafunguka. Kwa dereva, mia isiyotolewa inasema leo abiria hawakuwapo, na kesho itakuwa zamu ya mwenzake. Kwa mama, mia tano isiyotolewa inasema mume hajaacha matumizi, au kazi imekatika, au kuna jambo. Kinachofunikwa ni hali ya nyumba, deni ni mlango tu wa kuionea. Dhana yangu kuu ikawa "kupima sitara": kila mara wanapima nini kitaonekana nyuma ya deni, nani anastahili kufunikwa, na hadi lini. Maana sitara ina kikomo. Anayesitiriwa mara kwa mara huku akionekana na nguo mpya kila Idi, siku moja jina lake linaachwa wazi, na kila mtu anaelewa.

Sasa swali lako la kwanza. Katika ule utafiti wa hospitalini, Glaser na Strauss walieleza hali mojawapo ambapo mgonjwa na wahudumu wote wanajua kwamba anakufa, na wote wanajifanya hawajui. Niliposoma hapo nilisisimka, kwa sababu ni kama kikundi changu saa tatu usiku: wote wanajua nani bado, wote wanajifanya hawaoni. Lakini nililisoma hilo baada ya dhana yangu kusimama. Ningelisoma kabla, ningekwenda nikitafuta kujifanya, nikakuta kujifanya, na hali ya nyumba isingenijia kamwe. Glaser alilipigania jambo hili hadi akagombana kimaandishi na Strauss. Strauss alipotoa mwongozo pamoja na Juliet Corbin mwaka 1990, wenye hatua na jedwali la kupangia misimbo, Glaser alijibu 1992 kwamba hatua hizo zinailazimisha data iseme. Kathy Charmaz, kitabu chake cha 2006, anakuja na neno la tatu: mtafiti hana akili tupu, na nadharia inajengwa kati yake na anaowatafiti. Mimi nimesimama na Charmaz. Mimi ni mwana wa Mombasa, neno sitara nimelinyonya, nisingeweza kujidai silijui. Kwa hiyo soma, lakini ulichokisoma kiandike kwenye memo kikae wazi mbele yako, na nadharia inayokaribiana sana na mada yako iache hadi misimbo yako ianze kushikana. Na mchague mmoja kati ya hao wa kumfuata. Jopo litakuuliza.

Idadi ya watu: mimi niliishia mahojiano 19, lakini usiinakili nambari hiyo. Unaacha pale ambapo mahojiano mapya hayaongezi sifa yoyote mpya kwenye dhana zako kuu. Kamati wakitaka nambari kwenye pendekezo, weka makadirio na ueleze kwamba yanaweza kubadilika.

Ruhusa nakusihi uichukulie kwa uzito. Kibali cha NACOSTI, tume ya taifa ya sayansi, teknolojia na uvumbuzi, ni lazima, na Sheria ya Ulinzi wa Data ya 2019 inakuhusu. Ila kuna jambo ambalo karatasi halimalizi: msimamizi wa kikundi hawezi kukubali kwa niaba ya wote. Mimi nilimwandikia kila mmoja pembeni. Watatu walikataa, nikazifuta jumbe zao zote kabla ya kusimba, ingawa mmoja wao alikuwa msemaji mkubwa na mazungumzo yalibaki na mapengo. Ujumbe ambao mtu ameufuta mwenyewe usiutumie hata kama uliuona. Na kwenye makundi ya wazi ya Facebook usinukuu neno kwa neno, kwa sababu mtu akiitafuta sentensi hiyo atamfikia mwenyewe. Utakuwa umemwanika kwa jina la utafiti.

Programu: NVivo na ATLAS.ti zote zinapanga vizuri misimbo iliyokwisha kuwepo. Mimi jumbe za miezi miwili za mwanzo nilizichapa, nikazitandaza mkekani, nikasimba kwa penseli, na kwenye kompyuta nikaingia baadaye. Jumbe za sauti ziandike zote, pamoja na pumzi na kimya. Mweka hazina wangu hukohoa kidogo kabla ya kutaja pesa, kila mara.

Wiki hii chukua usiku mmoja tu wa mazungumzo ya kikundi chako, ule wa kabla ya siku ya mchango. Simba kila mstari kwa ku-, andika memo kabla hujalala, kisha ufiche majina na utuwekee hapa mistari mitano. Nitaisoma.