ULIZA FUNDI: Paa la stesheni mbona linaonekana boksi?

Swali: Shikamoo fundi. Niko Tanga, natengeneza reli ya mfano ya njia ya Tanga–Moshi, kipimo 1:87, yaani kila kitu ni kidogo mara 87 kuliko cha kweli. Stesheni imetoka poa ila paa nimekata kadibodi ya milimita 1 nikapuliza rangi ya silva, sasa kila anayeiona ananiambia ni boksi la viatu. Nifanyeje lionekane bati kweli?

Jibu: Marahaba mdogo wangu. Hebu zidisha hiyo milimita 1 mara 87 uone, unapata karibu sentimita 9, yaani stesheni yako imeezekwa bati nene kama ukuta na jicho linakataa hata kama mtu hajui kwa nini. Halafu reli ya mfano tunaitazama kwa juu, paa ndo sura ya nyumba, ukuta nani anauona.

Kadibodi usiitupe, ibaki kama kenchi, ila ukingo wa chini upige msasa kwa ndani mpaka uwe mwembamba. Bati lenyewe tumia foili ya vile visahani vya teikawei, kopo la soda achana nalo ni gumu. Mawimbi ya bati la zamani yanapishana kama milimita 76, ukigawa kwa 87 haifiki hata milimita 1, kwahiyo nenda duka la vifaa vya ujenzi ulizia bolti ya M5 (unene milimita 5) yenye meno mwili mzima, meno yake yanapishana milimita 0.8, karibu sawasawa kabisa. Laza foili juu ya soli ya kandambili kuukuu, biringisha bolti huku unakandamiza, migongo inajitokeza yenyewe. Utaona imeenda upande kidogo kwa sababu meno ya bolti yanazunguka, sasa wewe unapokata fuata migongo, usifuate ukingo wa foili, la sivyo paa zima litaonekana limelewa.

Na usibandike foili moja kubwa!! Hapo ndo wengi wanapoharibu. Kata bati moja moja, upana milimita 7, urefu 28 mpaka 35, anza kubandika chini kwenye fisha bodi (ule ubao wa ukingoni mwa paa) ukipanda juu, la juu lilalie la chini kama milimita 2, na safu ya chini kabisa itokeze nje milimita 1 hivi. Gundi ya mafundi viatu inatosha. Kofia ya juu kunja kipande cha foili kisicho na migongo juu ya kijiti cha meno.

Rangi sasa. Osha foili kwa sabuni ya vyombo mafuta yatoke, piga praima ya chuma, alafu sahau silva, bati likishakaa miaka linafifia linakuwa kijivu. Changanya kijivu tatu nne zinazokaribiana, kila bati lipate yake, maana kwenye nyumba halisi moja limebadilishwa juzi na jirani yake lipo tangu enzi za babu. Kutu usimwage kila mahali, inaanza pale maji yanapokaa: kwenye maungio, kwenye ncha zilizokatwa na kuzunguka misumari. Na misumari ya bati inapigwa juu ya mgongo, sio bondeni, kwahiyo vitone vyako vya kutu viweke mgongoni kisha vuta mstari mwembamba kuteremka. Unga wa tofali uliochujwa kwa soksi ya nailoni unafaa sana hapo. Kama una banda la injini za mvuke ongeza masizi meusi kwenye kofia na matundu ya moshi.

Swali: Fundi sasa, mimi niko Nairobi. Nyumba zangu za reli ni za vigae vya Mangalore, vile vyekundu vya udongo, nikate kimoja kimoja kweli?

Jibu: Utazeeka bure ndugu yangu. Kwa 1:87 kigae kinakuwa kama milimita 5 kwa 3, kwahiyo kata karatasi ngumu vipande virefu kama riboni, upande mmoja uchanje chanje kila milimita 3, panga safu juu ya safu ukianzia chini. Inua vigae viwili vitatu kwa ncha ya wembe vikae vibaya kidogo. Nyekundu ya dukani inang'aa mno, itie kahawia na chungwa, vigae vichache vifanye vyeusi vyeusi upande usiopata jua, na chini ya kofia pitisha mstari wa kijivu wa sementi.